Dagaa, mtindi na kidonge cha presha: je, kalsiamu inaua nguvu ya dawa?

Swali, kwa ufupi: "Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 63, yuko Mwanza, na ana presha mwaka wa sita sasa. Anameza amlodipine ya miligramu 5 na bendrofluazide, ile ya kukojoa. Jirani yetu amemwambia kwamba amlodipine kazi yake ni kuzuia kalsiamu, kwa hiyo kila akila dagaa au akinywa mtindi anaivunja nguvu dawa. Mama ameacha vyote viwili, ni miezi miwili sasa. Upande mwingine, mwenzangu kazini anauza vidonge vya kalsiamu vya kopo, anasema vinashusha presha mpaka mtu anaachana na dawa za hospitali. Nimeshanunua kopo moja. Halafu mdogo wangu mwenye mimba ya kwanza amepewa kalsiamu kliniki, tunahofia ameonekana ana presha wakamficha. Tumsikilize nani?"

Marahaba. Nikupe kwanza lile la kufanya leo, maelezo yafuate. Mama arudie dagaa wake na mtindi wake, na dawa zake zote mbili aendelee nazo kama alivyoandikiwa. Kopo ulilonunua lisifunguliwe kwanza. Mdogo wako aendelee kumeza alichopewa kliniki, hakuna alichofichwa.

Sasa maelezo, maana najua ukienda kwa jirani na amri tupu atakushinda kwa hoja. Na kusema kweli, jirani huyo si mtu wa kupuuzwa. Amlodipine kweli iko katika kundi la dawa zinazozuia kalsiamu. Hata ile karatasi iliyokunjwa ndani ya boksi inasema hivyo. Kosa lake ni kudhani kwamba kalsiamu ya kwenye sahani na kalsiamu inayozuiliwa na dawa ni jambo moja.

Mwili wa mtu mzima una karibu kilo moja ya kalsiamu. Asilimia 99 imejengewa kwenye mifupa na meno. Hiyo moja iliyobaki, iliyomo kwenye damu na ndani ya seli, ndiyo yenye vituko. Mwaka 1883 daktari mmoja wa London, Sydney Ringer, alikuwa akichunguza moyo wa chura uliotolewa kifuani na kuwekwa kwenye maji ya chumvi. Siku moja moyo ule ukadunda vizuri kwa muda mrefu kuliko kawaida. Alipofuatilia, akagundua kwamba msaidizi wake hakutumia maji yaliyosafishwa kwa kuchemshwa na kukusanya mvuke. Alichota maji ya bomba. Maji ya bomba ya London yalikuwa na chokaa. Yakitumika maji safi kabisa, moyo unalegea na kusimama. Ukiongeza kalsiamu kidogo, unadunda. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba kalsiamu, mbali na kujenga mifupa, ndiyo inayouambia msuli "jikaze".

Mishipa ya damu nayo ina msuli. Ukuta wa kila mshipa mdogo unaopeleka damu umezungushiwa msuli laini, na msuli ule hujikaza pale kalsiamu inapoingia ndani ya seli zake kupitia vimilango maalumu. Mshipa ukijikaza, njia inakuwa nyembamba, moyo unasukuma kwa nguvu zaidi, na namba kwenye mashine inapanda. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa Ujerumani, Albrecht Fleckenstein, alionyesha kwamba kuna dawa zinazoweza kuziba vimilango hivyo. Amlodipine ni kizazi cha baadaye cha ugunduzi huo. Inakaa mlangoni kama bawabu, inapunguza kalsiamu inayoingia kwenye seli za ukuta wa mshipa, mshipa unalegea, presha inashuka. Haiendi kwenye damu kuifagia kalsiamu, haing'oi chochote kwenye mfupa, na haina ugomvi na tumbo lililoshiba dagaa.

Jirani atauliza: lakini mama akila kalsiamu nyingi, si nyingi zaidi itajipanga mlangoni na kumzidi nguvu bawabu? La. Mwili hauruhusu kiwango cha kalsiamu kwenye damu kipande na kushuka kwa kufuata mlo. Kinashikiliwa katika nafasi finyu sana, takriban milimoli 2.2 hadi 2.6 kwa lita, awe mtu amekula sinia la dagaa au ameshinda na chai kavu. Ikizidi kidogo, figo inatoa na mfupa unapokea. Ikipungua, mfupa unakopwa. Kwa hiyo bakuli la mtindi halifiki mlangoni pale kama umati wa watu.

Kuna mahali pamoja tu ambapo jirani ana chembe ya ukweli, na nimwachie haki yake. Mtu akimeza vidonge vingi vya kundi hili kwa mkupuo, iwe kwa bahati mbaya au kwa kutaka kujidhuru, presha yake huporomoka, na moja ya tiba tunazompa wodini ni kalsiamu ya sindano, moja kwa moja kwenye mshipa. Hiyo ni kuvuruga kiwango cha damu kwa makusudi, kwa dozi ambayo hakuna mlo duniani unaoweza kuifikia kwa njia ya tumbo.

Sasa sikiliza upande wa pili, kwa sababu hapa mambo yanageuka kinyume na hofu ya mama. Asipopata kalsiamu ya kutosha kwenye chakula, presha haishuki. Kama itasogea, itasogea kwenda juu.

Nyuma ya tezi ya shingo kuna vitezi vinne vidogo, kila kimoja kama punje ya mchele, vinavyoitwa parathiroidi. Kazi yao ni kuchunga ile nafasi finyu niliyoitaja. Mlo ukiwa hauna kalsiamu, vinatoa homoni inayokopa kwenye mfupa, inayoizuia figo isiipoteze kalsiamu, na inayoiamsha vitamini D ili utumbo ufyonze hata kidogo kilichomo. Damu inabaki salama. Ila homoni hiyo pamoja na vitamini D iliyoamshwa zina tabia nyingine: zinasukuma kalsiamu iingie ndani ya seli, zikiwemo zile za ukuta wa mishipa. Ndiyo maana mtu anayekula kalsiamu kidogo anaweza kuwa na mishipa iliyokazwa zaidi. Kuna na njia ya pili: kalsiamu ya chakula huisaidia figo kidogo kutoa sodiamu, yaani ile ya kwenye chumvi, kwa mkojo. Kwa lugha ya sokoni, mama kuacha mtindi ili kuilinda amlodipine ni sawa na kumwajiri bawabu kisha kwenda barabarani kukaribisha wageni.

Lakini usikimbilie kopo. Kuna umbali mrefu kati ya kusema "ukosefu una madhara" na kusema "kuongeza kunatibu", na biashara nyingi za virutubisho zinaishi katikati ya umbali huo.

Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walioongozwa na David McCarron walichapisha uchambuzi wa takwimu za lishe za Wamarekani zaidi ya 10,000. Walipolinganisha virutubisho 17 na presha, waliona kwamba wenye presha walitofautiana na wenzao hasa kwa kula kalsiamu kidogo. Iliwashangaza wengi, maana kila mtu alitarajia kusikia chumvi. Wataalamu wengine wakazichambua takwimu zile zile kwa njia nyingine na hawakuona picha hiyo ikiwa wazi namna ile. Ubishi ukadumu miaka. Tatizo la uchunguzi wa aina hiyo unalijua hata wewe: anayekunywa maziwa kila siku pengine pia ana kipato zaidi, anakula matunda, na ana nafasi ya kupumzika. Maziwa yanapewa sifa ya vitu vyote hivyo.

Njia ya kumaliza ubishi ni kugawa watu kwa kura, hawa wapewe kalsiamu, hawa wapewe kidonge kitupu, kisha kupima. Majaribio hayo yamefanyika mengi. Kwa watu wasio na presha, kalsiamu ilishusha namba ya juu kwa kama 1.4 na ya chini kwa karibu 1. Kwa wenye presha, namba ya juu ilishuka kama 2.5, na mengi ya majaribio hayo yalikuwa madogo na hayakuendeshwa kwa umakini mkubwa. Chukua mama mwenye 158 kwa 94: hata tukikubali namba hizo bila ubishi, kopo lingemfikisha 155 au 156. Mashine yenyewe hutofautiana kuliko hivyo kati ya asubuhi na jioni, au kati ya mkono uliolala mezani na mkono unaoning'inia. Amlodipine peke yake kwa kawaida hushusha mara kadhaa zaidi. Na katika jaribio kubwa la Marekani la wanawake 36,282 wenye umri wa miaka 50 hadi 79, yaani rika la mama yako hasa, waliopewa miligramu 1,000 za kalsiamu pamoja na vitamini D kwa miaka kama saba hawakuwa na presha tofauti na wale waliopewa vidonge vitupu.

Kwa hiyo anayekuambia kopo lake linamfanya mtu aachane na dawa za hospitali anakuuzia kiharusi kwa bei ya rejareja. Samahani kwa ukali, lakini nimeshapokea wengi walioacha dawa kwa ushauri wa namna hiyo, na mara nyingi wanaletwa wakiwa hawawezi tena kunisimulia wenyewe.

Jaribio lililobadilisha mawazo yangu kuhusu chakula lilichapishwa mwaka 1997. Linajulikana kwa kifupi chake, DASH. Watu wazima 459, karibu asilimia 60 wakiwa Wamarekani weusi, walipikiwa chakula chote kwa wiki nane. Kundi la kwanza walikula kama Wamarekani wa kawaida. La pili waliongezewa matunda na mboga. La tatu waliongezewa matunda, mboga na maziwa yaliyopunguzwa mafuta, huku mafuta ya wanyama yakipungua. Chumvi ilikuwa sawa kwa wote, na uzito wao haukuachwa ubadilike, ili mtu asije akasema walishuka presha kwa sababu walikonda. Kundi la matunda na mboga peke yake namba ya juu ilishuka kwa 2.8 zaidi ya kundi la kawaida. Lililoongezewa na maziwa lilishuka kwa 5.5, na kwa wale waliokuwa tayari na presha, kwa 11.4. Hiyo 11.4 ni kazi ya kidonge kizima.

Katika mlo wa kawaida wa jaribio lile kulikuwa na karibu miligramu 450 za kalsiamu kwa siku, na katika mlo ulioshinda zaidi ya 1,200. Je, sifa yote ni ya kalsiamu? Hapana, maana maziwa hayaji peke yake. Yanaleta protini, potasiamu, magnesiamu, na yamechukua nafasi ya vitu vingine kwenye sahani. Ninachokiona mimi ni hiki: kalsiamu ikija ndani ya chakula ina wenzake, na pamoja wanafanya kazi ambayo ikitolewa peke yake na kufungiwa kwenye kidonge haiwezi kuifanya.

Turudi Mwanza, kwa sababu mama yako amekaa juu ya hazina halafu akaifungia kabatini.

Mtu mzima anahitaji karibu miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku, na mwanamke aliyekoma hedhi zaidi kidogo, 1,200 hadi 1,300, kwa sababu mfupa wake unapoteza haraka. Sahani yetu ya kila siku haifiki huko. Ugali wa sembe karibu hauna kitu: gramu 100 za unga wa mahindi hazifikishi hata miligramu 10. Ulezi, gramu hizo hizo, una zaidi ya 300. Tofauti hiyo huwa nairudia kila ninapoweza, kwa sababu ulezi tumeufanya uji wa mtoto na mzazi aliyetoka kujifungua, kisha mtu mzima akirudi kwenye meza ya wakubwa anapewa sembe. Mama apikiwe uji wa ulezi. Ukichachushwa kidogo kabla ya kupikwa ni bora zaidi, maana kuchacha kunavunja vile vitu vya kwenye ganda la nafaka vinavyoishikilia kalsiamu isifyonzwe.

Kikombe kikubwa cha maziwa au mtindi, mililita 250, kina karibu 300. Wazee wengi wetu maziwa freshi yanawajaza gesi na kuwaendesha, mtindi hauwasumbui, kwa kuwa wale vijidudu walioyagandisha maziwa wameshaimega sukari yake sehemu. Huo mtindi usiwe ule wa dukani uliojaa sukari.

Dagaa ndiyo mabingwa. Siri yake si nyama bali ni kuliwa mzima na mifupa yake. Gramu 30 tu za dagaa wakavu wa Ziwa Victoria, kiganja kilichojaa, zinaweza kushindana na hicho kikombe cha maziwa au kukipita. Sangara, pamoja na ukubwa wake wote, mifupa yake mnaitupa, kwa hiyo kwa hesabu hii anashindwa na kidagaa kisichofika urefu wa kidole. Wanaotoa vichwa kwa sababu ya uchungu wanapoteza kiasi, lakini uti wa mgongo unabaki, simlazimishi mtu.

Hapa ndipo penye mtego wa kweli wa dagaa, na si ule wa jirani. Mtego ni chumvi. Dagaa wa Mwanza wengi huanikwa bila chumvi, mchanga ndio mwingi, na kuosha kwa maji ya uvuguvugu mara mbili tatu kunatosha. Dagaa wa Zanzibar ni habari nyingine: huchemshwa kwenye maji ya chumvi kabla ya kuanikwa. Na ng'onda, samaki wa kuchanwa na kupakwa chumvi, usiulize. Hao waloweke, mwaga maji, loweka tena, kisha usitie chumvi jikoni. Ukimwaga chumvi juu ya dagaa kisha vipande vya supu vya kuongeza ladha, umempa mama kalsiamu kwa mkono wa kulia na kumpokonya kwa wa kushoto, kwani sodiamu ikizidi huongeza pia kalsiamu inayopotea kwa mkojo. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, yaani kijiko kimoja cha chai, kikijumlisha iliyomo kwenye mkate na vyote alivyonunua barabarani.

Kuna na magadi. Sina takwimu ya kukutishia, lakini kila nikiuliza wagonjwa "unapunguza chumvi?" wanajibu ndiyo kwa moyo mweupe, kisha nikiuliza mlenda unaupika na nini, maharage unayalainisha na nini, wananitajia magadi. Magadi ni kaboneti ya sodiamu. Ulimi hausikii chumvi, lakini figo inaihesabu. Watu wengine wakiyaona meupe kama chokaa wanadhani ni kalsiamu. Siyo. Kwa mtu wa presha, maharage yalowekwe usiku kucha na yaive taratibu.

Mboga za majani zote nzuri kwa presha kwa sababu ya potasiamu yake, ila kwa kalsiamu hazilingani. Mchicha unayo nyingi kwenye karatasi, lakini una tindikali ya oksaliki inayoikamata na kuipitisha utumboni bila kufyonzwa. Sukuma wiki na chainizi hazina tabia hiyo, kalsiamu yake inafyonzwa vizuri, hata kuzidi ya maziwa kwa kila miligramu. Changanyeni tu. Ufuta una kalsiamu kwenye ganda, kwa hiyo ule mweupe uliokobolewa umeshaachwa utupu.

Na tahadhari moja kabla sijaondoka jikoni. Mtu wa presha ya miaka sita anapaswa kuwa amepimwa figo. Kama mama hajapimwa kreatinini mwaka huu, apimwe. Figo ikiwa imechoka sana, dagaa na maziwa huja na fosforasi na potasiamu ambazo figo hiyo haiwezi kuzitoa, na hapo mlo unapangwa upya na daktari anayemwona. Figo ikiwa nzima, hana cha kuogopa.

Sasa kopo. Sababu ya kukuambia lisifunguliwe ni zaidi ya kwamba halitasaidia. Ni ile bendrofluazide. Dawa hiyo ya kukojoa inatoa sodiamu na maji, lakini kalsiamu inaibakiza mwilini. Kwa mfupa wa mama wa miaka 63 hiyo ni faida. Kwa mama anayemeza juu yake vidonge vya kalsiamu vya nguvu, pengine na vitamini D, na pengine anatafuna na vidonge vya kiungulia ambavyo navyo vingi ni kalsiamu, hapo ule uchungaji wa vitezi vinne unaweza kuzidiwa. Kalsiamu ikipanda kwenye damu, mtu anapata kiu, anakojoa sana, choo kinakuwa kigumu, hamu ya kula inapotea, anachoka, na kwa wazee akili inayumba mpaka ndugu wanadhani ni uzee au malaria. Na cha kuchekesha, ingawa hakichekeshi, kalsiamu ya kwenye damu ikizidi kweli, presha inapanda. Muuzaji hatakuwepo siku hiyo.

Kuna mengine madogo. Katika lile jaribio la wanawake 36,282, waliomeza vidonge walipata mawe ya figo zaidi kwa asilimia 17, ilhali kalsiamu ya chakula, ikiliwa pamoja na mlo, huyapunguza kwa sababu inaikamata ile tindikali ya oksaliki utumboni kabla haijafika figoni. Mwaka 2010 watafiti wa New Zealand na wenzao walijumlisha majaribio kadhaa wakaona waliomeza kalsiamu walipata mshtuko wa moyo zaidi kwa karibu asilimia 30. Wengine wamepinga hesabu hiyo kwa nguvu na hoja haijafungwa. Mimi inanitosha kuniondolea haraka ya kumpa kidonge mtu wa presha asiyekihitaji. Na vidonge vya kalsiamu vinaingiliana na dawa nyingine tumboni: za tezi ya shingo, antibayotiki kama doxycycline na ciprofloxacin, vidonge vya madini ya chuma, na dolutegravir ya wanaotumia dawa za kufubaza virusi. Anayemeza dolutegravir bila chakula aimeze saa mbili kabla ya kalsiamu au saa sita baada yake, la sivyo vimezwe vyote pamoja na mlo. Hii nimeiandika kwa ajili ya wasomaji wengine pia, maana watu hawataji dawa zao zote wanapouliza kuhusu virutubisho.

Kuna watu wanaohitaji kidonge kweli. Aliyepimwa mifupa ikaonekana dhaifu na mlo wake hautoshi. Aliyetolewa tezi ya shingo vikaenda na vile vitezi vinne. Na mjamzito, ambaye ni mdogo wako.

Hapa kalsiamu inang'aa kuliko mahali pengine pote, na historia yake inanipendeza. Kuelekea mwaka 1980, daktari wa Argentina José Belizán na mwenzake José Villar walitaja jambo lililowashangaza Guatemala: wanawake wa Kimaya, maskini, lishe yao duni, kifafa cha mimba kwao kilikuwa nadra. Mahindi yao, kabla ya kusagwa, walikuwa wakiyaloweka na kuyachemsha kwenye maji ya chokaa. Kila kipande cha mkate wao wa mahindi kilikuwa na kalsiamu ambayo sembe yetu haina. Kwa Ethiopia pia iliwahi kuonekana kwamba kifafa cha mimba kilikuwa kidogo kwa watu wanaokula teff, nafaka yenye kalsiamu nyingi. (Msomaji wa pwani asije akaniambia basi bibi yake alikuwa sahihi kutafuna tambuu yenye chokaa. Chokaa ni kweli kalsiamu, lakini popoo iliyomo inaleta saratani ya kinywa. Na udongo wanaoutafuna wajawazito nao si dawa. Unaweza kuwakosesha madini ya chuma.)

Majaribio yaliyofuata yalithibitisha kwamba kwa wanawake wanaokula kalsiamu kidogo, kumpa mjamzito kalsiamu kunapunguza hatari ya presha ya mimba inayoambatana na protini kwenye mkojo, ile inayoweza kuishia kwenye kifafa, kwa nusu au zaidi. Marekani, kwa wanawake zaidi ya 4,500 waliokuwa wakila kalsiamu ya kutosha tayari, haikusaidia kitu. Umeona? Ni yale yale: anayekosa ananufaika, aliyeshiba haongezewi. Ndiyo maana tangu 2011 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kalsiamu kwa wajawazito wa nchi ambazo mlo hauna ya kutosha, gramu 1.5 hadi 2 kwa siku.

Kiasi hicho ni vidonge vitatu vikubwa kila siku, juu ya vile vya madini ya chuma, na wengi wanachoka. Dar es Salaam imetoa mchango hapo. Jaribio lililofanyika huko na jingine Bangalore, India, kila moja likiwa na wajawazito 11,000 wa mimba ya kwanza, lililinganisha miligramu 500 na miligramu 1,500 kwa siku. Matokeo yalitoka 2024. Kwa upande wa Tanzania, presha ya mimba ya namna hiyo iliwapata asilimia 3.0 ya waliomeza kidogo na asilimia 2.7 ya waliomeza nyingi. Watafiti walihitimisha kwamba dozi ndogo haikuwa duni kuliko kubwa. Kuhusu kuzaa kabla ya wakati, India ilionekana sawa, lakini takwimu za Tanzania hazikutosha kusema dozi ndogo ni sawa na kubwa. Kwa hiyo mdogo wako afuate kiasi alichoandikiwa, asipunguze mwenyewe kwa sababu ya niliyoyaandika hapa.

Amepewa kama kinga, jinsi anavyopewa chandarua bila kuwa na malaria. Ameze pamoja na chakula, na kidonge cha chuma akimeze muda mwingine, tuseme kalsiamu mchana na chuma usiku. Presha yake apimwe kila hudhurio, na mwambie aulize namba yake ni ngapi. Ni haki yake kuijua. Ikifika 140 kwa 90, au akipata maumivu makali ya kichwa, maluweluwe machoni, uso na mikono kuvimba ghafla, au maumivu chini ya chembe ya moyo, asisubiri tarehe ya kliniki.

Mama naye, nipelekee shikamoo. Apimwe presha nyumbani asubuhi na jioni kwa siku saba, akiwa amekaa dakika tano kabla, mguu juu ya mguu hapana, na namba ziandikwe kwenye daftari. Kama bado ziko juu ya 140 kwa 90, si dagaa wa kulaumiwa; huenda amlodipine ya miligramu 5 haimtoshi, na hilo ni la daktari wake kuamua. Kifundo cha mguu kikivimba, hiyo ni tabia ya amlodipine, amweleze daktari badala ya kuacha dawa kimyakimya.

Na siku hiyo ya kwenda kliniki, abebe dawa zake zote kwenye mfuko, pamoja na hilo kopo. Kama bado limefungwa, jaribu kwanza kurudishiwa hela yako.